Majaribio yamefeli kwenye LFS: uendelee, urudie au uanze upya?

Umefika sura ya 8 ya Linux From Scratch. Glibc, maktaba ya msingi ya C, imekompailika bila shida, umeandika `make check` ili kuendesha majaribio yake, na baada ya kusubiri kwa muda mrefu skrini inakuletea muhtasari: PASS maelfu, UNSUPPORTED na XFAIL chache, halafu FAIL kadhaa. Wengi hukwama hapa. Kukompaili kukigoma huna la kuchagua, kwa kuwa programu haipo na lazima urekebishe. Jaribio likifeli, programu ipo, na `make install` haitakuzuia hata kidogo. Uamuzi unabaki mikononi mwako, na uamuzi mbaya hauonekani siku hiyo. Unaonekana vifurushi thelathini baadaye.

LFS ni mradi ulioanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999. Unajenga mfumo mzima wa Linux kwa mkono kutoka kwenye msimbo chanzo, kifurushi kimoja baada ya kingine, na vingi vya sura ya 8 vinakuja na majaribio yake. Ukiyaendesha yote, ni nadra kumaliza bila kukutana na FAIL, hata kama umefuata kila agizo herufi kwa herufi. Kwa hiyo ni vizuri kujua mapema njia zilizopo na gharama ya kila moja.

| Njia | Muda | Inafaa lini | Hatari yake |
|---|---|---|---|
| Kuendelea mbele | Hakuna | Vifurushi vya pembeni | Kubeba kosa hadi mwisho |
| Kulinganisha na logi za mradi | Dakika chache | Karibu kila mara | Kulinganisha matoleo tofauti |
| Kurudia jaribio lenyewe | Dakika hadi saa | Muda kwisha, terminali, ruhusa | Kurudia bila kubadilisha kitu |
| Kufuta folda na kukompaili upya | Mara moja zaidi | Folda iliyochafuka, umeme uliokatika | Kupoteza ushahidi |
| Kurudi kwenye bekapu au sura ya 5 | Saa nyingi | Zana zenyewe zina kasoro | Kurudia kosa lile lile |

Tafsiri ya maneno ya muhtasari kwanza. XFAIL ni jaribio ambalo waandishi wenyewe walitarajia lifeli, likafeli, basi liache. UNSUPPORTED na SKIP maana yake jaribio halikuendeshwa kwa kuwa kitu fulani hakipo. XPASS ni lile lililotarajiwa kufeli likapita. Cha kushughulikia ni FAIL, na ndani ya GCC, yaani kompaila yenyewe, pia zile ERROR na UNRESOLVED.

Kifurushi gani kimefeli?

Idadi ya FAIL haikuambii kitu peke yake. FAIL mia ndani ya GCC zinaweza kuwa hali ya kawaida kabisa ya toleo hilo, ilhali FAIL moja ndani ya MPFR inatosha kukusimamisha. Kitabu cha LFS kinayaita majaribio ya glibc, binutils, GMP na MPFR kuwa ya lazima, na ya GCC kuwa muhimu, na mimi nakubaliana nacho bila kusita. Glibc ndiyo maktaba ambayo karibu kila programu itaitegemea. Binutils na GCC ndizo zitakazotengeneza kila kitu kinachofuata. GMP na MPFR ndizo GCC inazotumia kufanya hesabu wakati wa kukompaili, kwa hiyo zikikosea hesabu, kosa linaingia ndani ya programu nyingine bila mtu kuliona.

Vifurushi vingine vyote vya sura hiyo viko daraja la pili. Tar ikifeli jaribio la "capabilities: binary store/restore", sababu yake inajulikana: LFS haina SELinux, mfumo wa ziada wa usalama. Jaribio hilo halisemi lolote kuhusu uwezo wa tar yako kufungua mafaili.

Kuendelea mbele

Njia hii ina sifa mbaya isiyostahili. Kwa vifurushi vya daraja la pili, ukishathibitisha kuwa kufeli kwenyewe kunajulikana, kuendelea ndiyo busara. Libtool ni mfano mzuri. Katika matoleo kadhaa ya LFS majaribio yake matano yalikuwa yakifeli kwa sababu yanahitaji Automake, na Automake inajengwa baadaye. Hapo hakuna cha kurekebisha. Ukitaka kuhakikisha, sakinisha Automake kisha urudie majaribio ya Libtool, utayaona yamepita.

Kuendelea bila hata kusoma jina la jaribio lililofeli ni jambo lingine, na kwa glibc sikushauri kamwe. Glibc ikishasakinishwa, kila kifurushi kinachofuata kinaunganishwa nayo. Ukigundua kasoro baadaye, kuibadilisha kwenye mfumo unaofanya kazi ni hatari, maana hata `ls` na `bash` zinaishi juu yake. Saa moja ya kuchunguza sasa ni nafuu kuliko hali hiyo.

Kulinganisha na logi za mradi

Mradi wa LFS huchapisha logi za ujenzi kwa kila toleo kwenye tovuti yake, katika sehemu ya build-logs. Ni kazi ya wahariri wenyewe waliojenga mfumo huo huo kwa maagizo hayo hayo, ndiyo maana hii ndiyo njia ya kwanza ninayoipendekeza, hata kabla ya kuuliza mtu. Sharti ni moja: lazima uwe umehifadhi logi yako.

`make check 2>&1 | tee ../glibc-check.log`

Kisha usihesabu, linganisha majina. Toa majina ya FAIL kutoka kwenye logi yako na ya mradi, yapange, halafu uliza yapi yako kwako tu:

`grep '^FAIL' ../glibc-check.log | sort -u > yangu`
`grep '^FAIL' logi-ya-mradi | sort -u > yao`
`comm -23 yangu yao`

Amri ya mwisho ikinyamaza, huna kosa jipya. Ikikutolea mistari miwili, hiyo ndiyo kazi yako, si ile FAIL yote iliyokutisha mwanzoni. Kwa mfano, `io/tst-lchmod` inajulikana kufeli ndani ya chroot ya LFS (mazingira yaliyotengwa ambamo mfumo mpya unajengwa), kwa hiyo ukiiona yenyewe tu, sakinisha.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni toleo: logi ya LFS ya zamani haifai kuhukumu glibc mpya. Tena ukisoma ushauri wa miaka ya nyuma mtandaoni, kumbuka kwamba kuanzia LFS 10.0 ya mwaka 2020 sura zilipangwa upya. "Sura ya 6" ya maelezo ya kale ndiyo sura ya 8 ya leo, na wapo waliofuata suluhisho la hatua ambayo kwao bado haijafika. Mtego wa pili ni kasi ya kompyuta. Mashine za wahariri ni nzuri. Laptopu ya miaka kumi iliyopita itakuwa na FAIL za muda kwisha ambazo wao hawakuziona, na hizo zinakupeleka kwenye njia inayofuata.

Kurudia jaribio, ukiwa umebadilisha kitu

Hapa ndipo penye utatuzi wa kweli. Kurudia amri ile ile katika hali ile ile kuna maana moja tu, nayo ni kujua kama kufeli kunajirudia. Jaribio linalofeli kila mara lina sababu thabiti. Linalofeli mara moja na kupita mara ya pili lina tatizo la muda au la rasilimali. Ukishajua hilo, badilisha kitu kimoja kisha ujaribu tena.

Anza na muda. Jaribio la kawaida la glibc hupewa sekunde 20, likizidi linauawa na kuhesabiwa FAIL. Ndani ya folda ya build tafuta ushahidi:

`grep "Timed out" $(find -name \*.out)`

Majina yakitokea hapo, kwa kawaida hakuna kosa kwenye msimbo. Ongeza muda kwa `TIMEOUTFACTOR=10 make check`. Huhitaji kurudia majaribio yote. Glibc inakubali jaribio moja kwa jina lake, kwa mfano `TIMEOUTFACTOR=10 make test t=nptl/tst-thread-affinity-pthread`, na unapata jibu mara moja. Mashine pepe hupatwa sana na tatizo hili, hasa ile iliyopewa prosesa nne ilhali kompyuta yenyewe ina mbili.

Halafu terminali. Majaribio ya binutils na GCC yanaendeshwa na DejaGnu kupitia Expect, na Expect inahitaji terminali pepe. Zisipokuwepo, utaona kufeli kwa wingi wa ajabu, pengine pamoja na ujumbe kwamba hakuna tena pty, yaani terminali pepe. Njia ya haraka ya kupima ukiwa ndani ya chroot ni hii:

`python3 -c 'from pty import spawn; spawn(["echo", "ok"])'`

Isipojibu `ok`, devpts, mfumo wa mafaili wa terminali hizo, haijawekwa kwa mount kwenye `$LFS/dev/pts`. Mara nyingi chanzo ni kwamba kompyuta ilizimwa katikati ya kazi, ikawashwa, mtu akaingia chroot moja kwa moja bila kuweka upya kwa mount dev, proc, sys na run. Penye kukatika umeme kila wiki, andika amri hizo za mount kwenye skripti ndogo ili usizitegemee kichwani. Usisahau `/dev/shm`: glibc inayo majaribio yanayoihitaji.

Ruhusa nazo. GCC, bash, coreutils na vim zina majaribio yanayopaswa kuendeshwa na mtumiaji wa kawaida, ndiyo sababu LFS ikatengeneza mtumiaji `tester`. Ukiyaendesha kama root, baadhi yanafeli kwa kuwa root haizuiwi: jaribio linataka kuona faili lisilosomeka linakataa kusomeka, na kwa root linasomeka. Kinyume chake pia kipo. Ukisahau `chown -R tester .`, tester hawezi kuandika kwenye folda na kila kitu kinaanguka kwa "Permission denied". Ukiona maneno hayo kwenye logi, usichunguze zaidi, rekebisha umiliki.

Mwisho wa kundi hili ni kumbukumbu na nafasi. `make -j$(nproc)` kwenye kompyuta ya GB 4 za RAM inaweza kuifanya keneli iue michakato ili kujiokoa. Jaribio litaandikwa FAIL kumbe liliuawa. Kwenye mfumo mwenyeji, yaani Linux unayotumia kujengea, angalia `dmesg | grep -i 'killed process'`. Ukiliona jina la `cc1plus` hapo, shuka hadi `-j1` au `-j2`, na uongeze swap. Angalia na `df -h`, maana folda ya GCC inakula gigabaiti kadhaa na patisheni ikijaa makosa yanayotokea hayafanani hata kidogo na diski iliyojaa. Kwa GCC pia, baadhi ya majaribio hula stack sana, na ndiyo maana kitabu kinakutaka uinue kikomo kwa `ulimit` kabla ya kuanza. Amri hiyo hudumu ndani ya shell hiyo tu, kwa hiyo ukitoka na kuingia upya, iandike tena.

Kwa vifurushi vyenye muundo wa Automake, kama coreutils, jaribio moja huendeshwa kwa `make check TESTS=... SUBDIRS=. VERBOSE=yes`, na maelezo kamili yako kwenye `test-suite.log`. Soma faili hilo kutoka chini kwenda juu. Sababu halisi huwa mistari michache tu juu ya neno FAIL.

Kufuta folda na kukompaili upya

Kitabu kinasema kwa kila kifurushi: fungua kumbukumbu ya tar, jenga, sakinisha, futa folda. Wenye haraka hutumia tena folda ya binutils au GCC iliyobaki kutoka sura ya 5 au 6, ikiwa na mipangilio ya kukompaili kwa ajili ya mfumo mwingine. Matokeo ni FAIL zisizo na mantiki. Dawa ni kufuta, kufungua upya na kuweka viraka vyote vilivyoagizwa. Dawa hiyo hiyo inafaa pale umeme ulipokatika wakati wa `make`, kwa sababu faili la `.o` lililoandikwa nusu linaweza kuonekana jipya machoni pa make, naye akaliruka. Na ukiona "Clock skew detected", rekebisha kwanza saa ya kompyuta, ndipo ufute.

Ila kabla ya kufuta, nakili logi nje ya folda. Ukifuta ushahidi halafu kosa likajirudia, umelipa muda mara mbili bila kujua lolote jipya.

Hapa pia ndipo mahali pa GMP. Inajijenga kwa kufuata prosesa iliyoko, na mara nyingine inaitambua vibaya. Ukikutana na "Illegal instruction" wakati wa majaribio yake, usirudie tu. Futa, kisha isanidi kwa `--host=none-linux-gnu`. Fanya hivyo pia kama unajenga kwenye kompyuta moja ili utumie kwenye nyingine ya zamani zaidi.

Kurudi nyuma kabisa

Hii ni njia ghali, na nimeona ikishauriwa kirahisi mno. Ichague ukiwa na ushahidi kwamba zana zenyewe zimeharibika. Ushahidi huo hupatikana kwa ukaguzi mfupi uliomo kitabuni, ule wa kukompaili programu tupu na kuuliza inatafuta nini ikianza:

`echo 'int main(){}' | cc -x c -`
`readelf -l a.out | grep ld-linux`

Kwenye mashine za x86_64 jibu sahihi linataja `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2`. Likitaja njia iliyoanza na `/mnt/lfs` au `/tools`, au lisipotokea kabisa, hakuna kurudia majaribio kutakakokuokoa. Sababu za kawaida ni chache: `/bin/sh` ya mfumo mwenyeji kuelekezwa kwenye dash badala ya bash, jambo la kawaida kwenye Debian na Ubuntu, awk isiyo gawk, au CFLAGS ulizojiwekea kwa tamaa ya kasi. Skripti ya `version-check.sh` inagundua mbili za kwanza. Ya tatu haiigusi, kwa hiyo `unset CFLAGS CXXFLAGS` mwenyewe. Nakusihi usijenge mfumo wa msingi kwa `-O3` na `-ffast-math`. Hiyo ya pili inabadilisha kanuni za hesabu za desimali, na majaribio ya hesabu ya glibc yatafeli kwa haki.

Tofauti kati ya kupoteza siku nzima na kupoteza nusu saa ni bekapu ya mwisho wa sura ya 7. Toka chroot, ondoa mount zote, nenda kwenye `$LFS`, tengeneza kumbukumbu ya tar ya kila kitu. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa kitabu kimeiita ya hiari. Kwa maoni yangu, kwa anayejenga mara ya kwanza si ya hiari hata kidogo. Kuirejesha kunahitaji umakini wa hali ya juu: maagizo yana `rm -rf ./*` yakiendeshwa na root. Kabla ya kubonyeza Enter andika `echo $LFS`, halafu `pwd`. Kigezo hicho kikiwa kitupu, unafuta mfumo mwenyeji.

Ningechagua nini, na lini

Kwa laptopu dhaifu, endesha majaribio ya vile vitano vya msingi kwa ukamilifu, ukiwa na TIMEOUTFACTOR kubwa tangu mwanzo, na uruke ya vingine usipokuwa na muda. GCC pamoja na majaribio yake ndiyo inayokula muda mwingi kuliko kifurushi kingine cha sura ya 8, basi ianze usiku penye chaji ya kutosha. Kwa mashine pepe, piga snapshot kabla ya glibc na kabla ya GCC. Hapo kurudi nyuma kunakuwa rahisi kiasi kwamba unaweza kuichagua mapema zaidi. Kwa anayejenga ili ajifunze, endesha yote na usome kila FAIL, kwa sababu majaribio yanaonyesha kile ambacho kifurushi kinadai kukifanya kuliko maelezo yoyote.

Suala la lugha lina nafasi hapa pia. Majaribio kadhaa huruka sehemu zake kama lokali fulani (mipangilio ya lugha na nchi) hazipo, kwa hiyo sakinisha orodha ndogo ya lokali ambayo kitabu kinataja kwenye ukurasa wa glibc hata kama huzihitaji. Ukiwa hapo hapo, glibc inayo Kiswahili tayari, `sw_TZ` na `sw_KE`, na amri ni `localedef -i sw_TZ -f UTF-8 sw_TZ.UTF-8`.

Imebaki hali moja ambayo njia zote tano hazisaidii. Umerudia kwa `-j1`, nafasi ipo, RAM haijajaa, folda ni mpya, lakini kila unapoendesha linafeli jaribio tofauti, au kompaila inaanguka na "internal compiler error: Segmentation fault" mahali tofauti kila safari. Msimbo hauna tabia hiyo. Vifaa ndivyo vyenye tabia hiyo. Acha kukompaili. Safisha feni, washa kompyuta kwa Memtest86+ na uiache ikamilishe angalau mzunguko mzima. Likitokea kosa hata moja, badilisha kipande cha RAM, na usiendelee ulipoishia: vyote vilivyojengwa juu ya RAM hiyo havina uhakika, bekapu ya sura ya 7 ikiwemo. Hapo tu ndipo ningekuambia uanze sura ya 5 bila kwanza kusoma logi.